Kibanio Namba Nane

Watu wanaonunua skii Johannesburg ni waongo. Nasema hivyo bila kinyongo, maana uongo wao umenilisha miaka tisa. Mji wenyewe hauna theluji ya kutelezea juu ya mbao hizo. Ikitokea ikaanguka, inaanguka asubuhi moja baada ya miaka mingi, watu wanaipiga picha, na saa sita mchana imekwisha. Lakini kila mwaka ikifika Juni, mabwana wa vitongoji vya kaskazini huanza kuingia dukani kwetu wakitembea kana kwamba walizaliwa milimani, kwa sababu mwishoni mwa wiki wanakwenda Lesotho, kwenye mteremko mmoja ambako theluji inatengenezwa kwa mashine.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku nikiwa fundi baiskeli, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya michezo vilivyokwisha kutumika: raketi, viatu vya raga, baiskeli, na wakati wa baridi, skii, za kuuza na za kukodisha. Mwenye duka, mzee wa Kizungu mwenye mdomo mchafu na moyo wa kawaida, aliona nashika tupa vizuri, akanifundisha kazi ya skii. Mpaka leo sijakanyaga theluji na sina hamu nayo. Lakini nipe skii mkononi nitakwambia imetumika wapi na imeharibiwa na mtu wa namna gani.

Wateja wengi huomba kitu kimoja: skii ya kila siku, ya kukata kona, inayofaa kila mahali. Hiyo ni kazi ya kuitafuta. Skii nzuri ya kila siku ina kichwa kipana, kiuno chembamba, halafu inapanuka tena kidogo nyuma. Ukiilaza ubavu, ukingo wake wa chuma unauma theluji, na kiuno kile kinaipinda njia chenyewe. Kiuno kikiwa chembamba mno, hiyo ni ya mashindano, itamtupa mwenye nayo. Kikiwa kipana mno, hiyo ni ya theluji nene ya unga, ambayo huku haipo. Na iwe na ulaini wa kumsamehe mtu akikosea. Nyingi zinazoingia dukani ni takataka zilizolala gereji miaka ishirini.

Sasa kuna kibanio, kile kinachoshika buti juu ya skii. Kina namba inayosogezwa kwa bisibisi. Namba ikiwa ndogo, mtu akianguka kinaachia na mguu unatoka mzima. Ikiwa kubwa, kinang'ang'ania. Namba hiyo haitoki kichwani mwa fundi, inatoka kwenye fomu: uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti, halafu visanduku vitatu. Anayejifunza, wa kawaida, mzoefu. Mteja anaweka alama mwenyewe na kutia saini mwenyewe, na hapo ndipo uongo unapoingia, kwa sababu hakuna mwanamume anayeweka alama kwenye kisanduku cha kwanza mbele ya wenzake.

Wazungu wakidanganya, mwenye duka aliwatania mpaka wakasema kweli. Kwa watu wetu nilikuwa na utaratibu wangu. Watu wetu kwangu ni yeyote anayejua Kiswahili, na waliokuja kutafuta skii walikuwa zaidi Wakenya wa benki na vyuo vikuu, waliokaribishwa safari na wakubwa wao wa kazi. Nilichukua fomu, nikasema kwa Kiingereza kwamba buti linahitaji kupimwa, nikamwita mteja nyuma ya pazia kwenye jiliwa langu, chuma ninachobania skii. Pale nilimuuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama kweli amewahi. Nakumbuka mwalimu mmoja, dada wa Kikenya, aliyejiandika mzoefu kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanamwangalia. Nyuma ya pazia akaziba mdomo kwa kucheka. "Kaka, hata barafu ya friji naiogopa," akasema. Nikabadilisha fomu, akatia saini upya, akaenda na kurudi na miguu yake yote miwili.

Ni mtu mmoja tu ambaye sikumfanyia hivyo, na huyo nilikuwa namjua kuliko wote.

Tuliishi chumba kimoja mtaa wa Berea, mimi na yeye, miaka mitatu, kabati likiwa katikati kama ukuta. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, alikuwa anasomea uhasibu. Nilimnyooshea shati lake la usaili kwa sufuria ya moto kwa sababu pasi ilikuwa imeungua. Aliposhikwa na homa ya matumbo, lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa tangu kabla hatujahamia, nikambeba mgongoni ghorofa saba kwenda chini, anatapika shingoni kwangu na kuniomba radhi kila ngazi. Nilimpenda. Sina ndugu wa kiume, na kwa miaka ile mitatu nilikuwa naye.

Kisha benki ikamchukua, akahamia kaskazini. Mwanzoni alikuja Jumapili na mkate mtamu. Halafu akawa anapiga simu. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Harusi yake niliiona kwenye picha za watu wengine, suti ya kijivu, ukumbi umejaa, na wapo waliokaa meza za mbele ambao hawakuwahi kumshikia hata ndoo. Niliumia, na sioni haya kusema. Nilikaa na uchungu ule muda mrefu mpaka nikauzoea.

Mwaka ule, kabla ya baridi, mwenye duka alinunua vitu vya mjane mmoja aliyekuwa anahama nchi. Chini ya fito zilizopinda na makoti yenye harufu ya nondo, nikaikuta jozi moja ya skii. Nilipoipitisha kidole ubavuni nilijua. Kiuno chake kilikuwa sawasawa, mbele laini, katikati imara, na aliyeitumia alikuwa anajua. Nilikaa nayo Jumamosi mbili. Nikaziba mikwaruzo ya tumbo lake, nikanoa kingo kwa tupa mpaka zikakata ukucha, nikaipaka nta na kuipitishia pasi. Halafu nikaificha nyuma ya baiskeli. Nilikuwa nangoja mtu atakayestahili, nisije nikampa mpuuzi wa kwanza mwenye kadi.

Yule rafiki yangu wa Berea aliingia siku ya Alhamisi na wenzake wawili wa kazini. Mmoja alikuwa mkubwa wake, hilo nililiona kwa jinsi alivyomfungulia mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amenenepa na ananukia vizuri. Nikatoka nyuma ya kaunta na aproni yangu ya nta.

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu," nikasema.

Aliniangalia, akaangalia aproni, akawaangalia wenzake. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hajambo, asante. Mkubwa wake akamuuliza kama tunajuana. Akasema hapana, watu wa kwetu wana tabia ya kusalimiana tu.

Halafu akaniuliza, bado kwa Kiingereza, kama nina jozi nzuri ya kila siku, ya kukata kona, inayofaa kila mahali, kwa mtu anayejua anachofanya.

Nilikwenda nyuma ya baiskeli nikaitoa ile jozi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpa takataka. Nadhani nilitaka aone mikono yangu inaweza nini. Na kusema kweli ilimfaa, kwa urefu wake na uzito wake, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Mkubwa wake akaishika, akaizungusha, akasema mwenzake amebahatika. Yeye akatabasamu. Hakuniangalia.

Akakaa kwenye benchi kujaribu mabuti. Akalivaa la kulia mguu wa kushoto. Wenzake walikuwa wanachagua helmeti, hawakuona. Mimi niliona. Nikapiga goti, nikamvua, nikamvalisha upya bila neno, na nilipoinua uso nikamkuta kaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yale yale ya Berea. Nikasimama. Nikampa fomu. Mkubwa wake alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya bega lake. Rafiki yangu akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu na kusema kwamba alijifunza Ulaya wakati wa kozi. Akatia saini.

Nikachukua fomu na skii nikaenda nyuma ya pazia. Sikusema buti linahitaji kupimwa.

Nilikuwa nimekwisha kubana skii kwenye jiliwa, bisibisi mkononi, pazia likasogea. Akaingia. Akasimama karibu na kalenda ya msikiti, akaangalia kama wenzake wanamwona, akapumua. Akafungua mdomo.

Nilijua alichokuja kusema. Miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua, na sasa nimechoka kujiambia hivyo. Nilijua, na nikawahi kabla hajatoa neno.

"Samahani bwana," nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri cha dukani, kwa sauti ya kufika mbele. "Wateja hawaruhusiwi huku. Ni kwa usalama wao."

Akafunga mdomo. Kisha akarudi alikotoka. Kwa mtu wa uzito wake asiyejua kitu, namba ilikuwa tano, au chini ya hapo. Kwa mzoefu, fomu ilidai nane. Nikaweka nane, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tena, na natumaini sitaisikia.

Jumamosi nilikula pilau Joubert Park kwa jamaa zangu wa Tanga. Nikawasimulia. Niliigiza anavyotembea, anavyosema "watu wa kwetu", anavyovaa buti mguu usio wake, na watu wakacheka mpaka wakaweka sahani chini. Bwana mmoja mtu mzima, anayeuza simu Newtown, ndiye peke yake aliyeuliza.

"Sasa akianguka huko?"

"Ataanguka vizuri," nikasema. "Ni mzoefu."

Wakacheka tena. Nikaongezewa nyama.

Jumatatu mmoja wa wale wenzake, yule mdogo, alirudisha zile skii za kukodi. Alizilaza kwenye kaunta kana kwamba zina ugonjwa. Akamweleza mwenye duka, mimi nikiwa nafuta raketi. Ilikuwa mteremko wa kwanza, hata si mkali, karibu na chini kabisa. Mwenzao alikuwa anakwenda polepole, watoto wanampita. Akajikunja, akalala ubavu taratibu, wakaanza kumcheka. Lakini skii moja ilibaki mguuni, ncha imezama kwenye theluji, na yeye akaendelea kuzunguka. Walisikia goti.

"Eish, haikuachia," alisema yule kijana. "Haikuachia kabisa."

Mwenye duka akatoa fomu kwenye faili, akaiweka juu ya kaunta. Akabeba skii mpaka kwenye mashine ya kupimia, akapima vibanio mbele ya yule mtu. Nane, kamili, pande zote, kama fomu ilivyotaka. Akamwonyesha saini. Yule kijana akasoma, akashusha pumzi, akasema sawa, sharp, hakuna anayelaumiwa. Alipoondoka, mwenye duka alinigonga begani. Akasema katika miaka yake yote hajapata fundi makini kama mimi.

Skii hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikazirudisha kwenye rafu, na Jumatano mama mmoja akazichukua. Nilimuuliza mara tatu kama amewahi, mpaka akakasirika. Nikamwekea nne.

Baada ya wiki sita simu ya duka ililia, nikaitwa mimi. Alikuwa yeye, anaongea Kiswahili.

"Boss, ni mimi. Njoo unione. Bibi yangu anataka kukujua."

Nilikwenda Jumapili na mfuko wa machungwa, kama mtu anavyokwenda kumjulia hali mgonjwa. Ningeweza kusema nilikwenda kutubu, lakini nilikwenda kuangalia. Nilitaka kuuona mguu.

Mkewe alinifungulia geti mwenyewe, mama mchangamfu, amembeba binti wa mwaka mmoja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye wa Berea," akasema. "Huyu ameniambia yote. Ulimbeba ukamshusha ghorofa saba. Nimekuwa nikimgombeza, mbona hujamleta huyo mtu nimshukuru. Keti, shemeji, keti. Utakunywa chai ama kitu baridi?"

Nikasema chai. Akaenda jikoni na mtoto.

Mumewe alikuwa kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa vyuma kutoka pajani mpaka kwenye shavu la mguu. Alikuwa amepungua. Akaniambia bila kuulizwa kwamba wameshampasua mara moja, wanangoja uvimbe ushuke wampasue tena, na kwamba daktari hajaahidi goti litakunja. Anaweza kubaki na mguu mgumu kama fimbo. Alisema akitazama televisheni iliyozimwa.

"Ile siku dukani," akasema, "nilifanya ujinga. Si unajua hao watu wa kazi. Ukionekana unaongea na fundi kwa lugha yenu, wanakuweka mahali. Nilikuwa nimengoja hiyo safari miaka miwili. Nilichagua duka lenu juu ya vile nilisikia uko hapo. Nilijiambia, huyo hawezi niacha niumie."

Nikaangalia vile vyuma. Akaendelea.

"Nilikuja huko nyuma nikwambie sijui. Ukanifukuza. Nikafikiri, sawa, amekasirika, lakini kazi yake anaijua, ameshaona nilivyovaa ile buti, ataweka ile ya kujifunza bila kuniuliza. Hata kule juu mlimani nilikuwa najiambia hivyo. Nikianguka itaachia, ni yeye ameiweka."

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya tangawizi. Yule mtoto alikuwa anagonga kitu sakafuni.

"Niambie tu," akasema. "Ulijua sijui?"

Nilikuwa na fomu. Nilikuwa na saini yake, na mashine, na neno la mwenye duka. Nilikuwa nimeyapanga yote hayo njiani, kwenye kila robot, zile taa za barabarani, teksi iliposimama. Nikamwangalia na sikutaka kumpa hata hiyo, raha ya kuamini kwamba nilikosea.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu buti."

"Na ungekuwa mtu mwingine?"

"Mtu mwingine ningemuuliza."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea maelekezo ya njia. Hakulia wala hakunitukana. Nilitaka anitukane, ningeondoka nimeshiba. Alijaribu kuusogeza mguu kwa mikono yote miwili, ukakataa, akauacha.

Mkewe akarudi na sinia: birika, vikombe, chapati zimefunikwa kitambaa. Akavuta meza ndogo karibu nami, siyo karibu na mumewe. Akanimiminia kwanza mimi. Akasema wamekuwa wakiniombea kwa jina bila kunijua sura, na kwamba mtoto huyu asingekuwapo kama nisingembeba baba yake siku ile. Alisema akiwa ameinama kidogo, birika mkononi.

"Mwambie," akasema mumewe.

Mkewe akageuka. "Aniambie nini?"

"Mwambie shemeji yako ulichoniambia sasa hivi. Sema kwa Kiswahili, anaelewa."

Akaninyooshea mkono kunikaribisha niseme. Yule mama akaweka birika chini, akajifuta vidole kwenye leso, akanitazama akitabasamu, tayari kusikia jambo jema. Mtoto naye alikuwa ameacha kugonga. Nikashika kikombe. Kilikuwa cha moto, nikakishika hivyo hivyo.

"Chai ni nzuri sana, shemeji," nikasema. "Tangawizi imekolea."

Akafurahi. Akaniongezea mpaka ukingoni, akanisukumia chapati, akarudi jikoni kuleta nyingine. Mumewe alikaa na mguu wake mbele yake akanitazama nikinywa, na mimi nikanywa yote.